Yosefu Kumi na Mmoja

Alhamisi, 14 Machi. Saa kumi alasiri.

Mvua imekatika saa nane, lakini anga la Igogo, hapa Mwanza, bado limekunja uso na ziwa limekuwa na rangi ya bati kuukuu. Nimekaa chumbani. Mlango nimeurudishia bila kuufunga. Simu nimeilaza kifudifudi kitandani, kana kwamba nikiiacha inatazama juu itasema yenyewe.

Ndani ya simu kuna picha ya ukurasa mmoja. Baba yuko barazani anasikiliza redio. Kati yake na ukurasa huo kuna ukuta wa tofali na mimi.

Nina mpaka Jumamosi.

Niandike kwa mpangilio. Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu ni kuona kila karatasi imeingia kwenye jalada lake, na leo nisipopanga nitaanza kulia kabla ya wakati.

Jina langu kamili ni Veronika Paulo Laduseli. Kwa desturi ya makaratasi ya hapa kwetu ningekuwa Veronika Paulo Yosefu: jina langu, la baba, la babu, basi. Kila kizazi kinaongeza jina moja mbele na kudondosha moja nyuma, ndiyo maana watu wengi hawajui baba wa babu yao aliitwa nani. Baba alikataa. Watoto wake wote wanne tunaishia na Laduseli, kwenye vyeti vya kuzaliwa, vya shule, hata kitambulisho cha taifa. "Hili si jina la kudondosha," husema. "Hili limevuka bahari."

Baba anaamini, na ametuaminisha tangu utotoni, kwamba babu yake alikuwa Mkanada. Bruda wa misheni, fundi wa kujenga makanisa, msema Kifaransa, aliyezaa na binti wa Kisukuma kisha akarudishwa kwao kimyakimya. Mtoto aliyebaki ndiye babu yetu Yosefu. Picha ya bruda huyo iko sebuleni: mzungu mwenye ndevu, kanzu imejaa chokaa, mkononi ameshika pima maji. Tunamwita Babu Kanada. Baba alikuwa fundi wa injini za meli, na kila alipoamsha injini iliyowashinda wenzake alisema damu ya Babu Kanada imefanya kazi. Tangu mama afariki, asubuhi anaposhika chai yake huisalimia ile picha kwanza kabla yetu.

Mtaa mzima unamwita Mzee Kanada. Kijiwe cha bodaboda kwenye kona yetu kinaitwa Kwa Kanada. Vijana wa boda wakipita hupiga honi na kupaza sauti, "Shikamoo Kanada!" Naye huitika kabla honi haijaisha, "Marahaba, vijana wangu!"

Nami niliringa. Niseme ukweli, hii ni shajara yangu. Sekondari niliwaambia wenzangu kwamba siku moja tutaitwa Kanada kuchukua urithi wetu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na viatu vyangu vilikuwa vimetoboka.

Sasa nina thelathini na minne, na nataka kuolewa na Emmanuel.

Ema ni mwalimu wa hesabu, kwao Kisesa. Tumekuwa pamoja miaka mitatu. Kwa miaka yote hiyo mama yake nimemwita Mama Ema, na sikuwahi kujua jina lake jingine. Nani humuuliza mkwe wake mtarajiwa babu yake aliitwaje?

Jumamosi ya tarehe mbili walileta barua ya posa. Mshenga alisimama sebuleni, chini ya picha ya Babu Kanada, akaisoma kwa sauti: "…kwa familia ya mzee Paulo Laduseli, wa Igogo." Akataka kuendelea. Mjomba wa Ema, mzee Sospeta, akainua mkono.

"Hebu rudia hilo jina la mwisho."

Mshenga akarudia.

"Ni Laduseli au Raduseri?"

"Mzee, mimi nimesoma kilichoandikwa. Ulimi ni wenu."

Wengine walicheka kidogo. Mzee Sospeta hakucheka. "Nauliza kwa sababu mimi na dada yangu, mama wa huyu kijana, kwetu ni Raduseri. Baba yetu alikuwa Yosefu Raduseri. Alibatizwa kule misheni ya zamani, kusini mwa mji."

Mama zangu wadogo waliokuwa wanagawa soda walisimama pale pale walipokuwa. Babu yangu naye ni Yosefu. Babu yangu naye alibatizwa kule.

Hapo ndipo baba alipofanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Alifurahi. Alipiga goti lake kwa kiganja na kusema, "Kumbe! Bruda alijenga makanisa mawili, na watoto nao aliacha wawili!"

Alicheka peke yake.

Mzee Sospeta aliweka chupa yake ya soda chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Mzee mwenzangu," alisema, "kama ni hivyo, mababu wa hawa watoto ni ndugu wa baba mmoja. Hapa tumekuja kuposa au tumekuja kutambulishana ukoo?"

Barua haikusomwa mpaka mwisho. Wakatupa wiki mbili. Tukileta ushahidi kwamba damu ni mbalimbali, mazungumzo yataendelea. Tusipoleta, posa inarudi Kisesa. Wiki mbili hizo zinaisha keshokutwa.

Ema hajanitupa, lakini amekuwa mwangalifu. Kila jioni ananitumia ujumbe ule ule: "Umepata chochote?" Zamani alikuwa anauliza kama nimekula.

Niliona kuna mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni jina lenyewe. Kwenye mtandao nikapata jukwaa la watu wanaotafuta mababu zao wa Kanada inayosema Kifaransa. Humo akanijibu bibi mmoja mstaafu anayeitwa Liseti. Nilimwandikia maswali tisa, nimeyapa namba, kwa msaada wa tafsiri ya simu. Akajibu yote tisa, naye akayapa namba. Nilimpenda hapo hapo.

Alinieleza kwamba jina letu kwao huandikwa Ladouceur, na maana yake ni upole. Halikuanza kama jina la ukoo. Zamani, askari wa mfalme wa Ufaransa waliovuka kwenda Kanada walipewa jina la utani jeshini, likaandikwa baada ya jina la baba: fulani, aitwaye Upole. Fulani mwingine, aitwaye Ua. Mwingine, aitwaye Hana Wasiwasi. Inawezekana huyo Upole wa kwanza alikuwa mkorofi kuliko wote, kama sisi tunavyomwita jitu la miraba minne Kadogo. Baadaye watoto wakachukua jina lolote walilopenda kati ya mawili. Kwa hiyo kule ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti, na watu wasiojuana kabisa wakawa na jina moja.

Halafu jibu la sita. Kwa desturi yao ya zamani, kila mvulana alibatizwa Yosefu na kila msichana Maria, kisha ndiyo likafuata jina la kumwitia. "Kumtafuta Joseph Ladouceur huku kwetu," aliandika, "nadhani ni kama kumtafuta mtu wa jina la kawaida kabisa huko kwenu." Nikacheka peke yangu ofisini. Nenda Mwanza katafute Masanja.

Sentensi yake ya mwisho niliinakili kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kabati: Jina peke yake si ushahidi wa damu. Tafuta kitabu cha ubatizo.

Leo asubuhi nimekwenda misheni na barua ya ruhusa. Kitabu kinatunzwa na sista mmoja mcheshi, mfupi, mwenye miwani mikubwa. Alinipa kiti na kunikataza kulamba kidole wakati wa kufunua kurasa. Nikamwambia masjala kwetu ndiyo sheria ya kwanza. Tukaelewana.

Alitafuta, akakuta, kisha akakigeuza kitabu upande wangu.

"Mwanangu, unamtaka Yosefu yupi? Chagua."

Niliona mistari kumi na mmoja, mmoja chini ya mwingine, kwa mwandiko ule ule wa kulala. Joseph Ladouceur. Joseph Ladouceur. Joseph Ladouceur. Wavulana kumi na mmoja, waliobatizwa siku moja, wote jina moja.

Sijui nilikaa muda gani. Sista aliniletea maji.

Kinachotofautisha mistari hiyo ni safu ya wazazi. Mstari wa nne: umri kama miaka saba; baba Marale, mpagani; mama Nyamizi. Bibi Nyamizi, mama yake babu Yosefu, tunamjua sote, kaburi lake tunalifyekea kila mwaka. Kwa hiyo huyo ndiye babu. Mstari wa tisa: umri kama miaka mitano, baba Mafuru, mpagani, Mjita. Nilimpigia Mama Ema nikiwa pale pale nikamuuliza babu yake mzaa baba aliitwa nani kabla ya mambo ya dini. "Mafuru," alisema, bila hata kufikiri. "Kwani vipi, mwanangu?" Nikamwambia nitamwambia.

Pembeni mwa ukurasa kuna maneno ya Kifaransa. Nikayapiga picha, nikamtumia bibi Liseti, na kabla sijamaliza maji akawa amejibu, ingawa kwao hakujakucha. Padre ameandika kwamba wavulana hawa wamepewa jina la mtoto marehemu wa mama mmoja wa Kanada, mfadhili wa misheni, kwa ombi la mama huyo.

Nikamuuliza sista kuhusu bruda wa kwenye picha. Ana orodha ya waliotumika pale. Anaitwa Alfredi, na ukoo wake si Ladouceur. Alifika misheni mwaka mmoja baada ya ubatizo ule. Babu yangu alipokuwa anapakwa mafuta akiwa na miaka saba, Babu Kanada alikuwa hajaiona Afrika.

Basi. Hakuna damu. Mimi na Ema si ndugu hata kwa tone.

Nilipaswa kuruka. Nilitembea hadi barabarani nimeishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

Kwa sababu ukurasa unaonipa mume unamnyang'anya baba yangu babu yake.

Nikiri jambo moja. Nikiwa njiani nilimwandikia Ema ujumbe: mwambie mjomba wako aje tuonane pembeni, nimwonyeshe ukurasa, na Jumamosi aseme tu kwamba ameridhika, bila maelezo. Baba abaki na bruda wake. Nikausoma mara tatu. Kisha nikaufuta. Mzee Sospeta si mtu wa kuridhika bila maelezo. Atalisema mbele ya watu wote, chini ya picha ile. Kama ni kuumia, baba aumie leo, kwangu, tukiwa wawili.

Redio imezimwa. Nimesikia kiti chake kikilia.

Nakwenda.

Saa moja kasoro robo jioni.

Naandika sasa hivi, vinginevyo kesho nitakuwa nimeanza kuyapamba.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na miguu yake. Nilimweleza kwa mpangilio ule ule wa hapo juu, bila kuruka. Kisha nikampa simu. Alivaa miwani, ile yenye uzi, akasogeza simu karibu, akasogeza mbali. Nikamkuzia mstari wa nne.

Alisoma muda mrefu.

"Mpagani," alisema.

"Hilo neno wameandika wao, baba."

"Ndiyo. Wamemwandika babu yangu."

Akageuza kichwa. Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, Bruda Alfredi alikuwa ameshika pima maji yake kama siku zote.

"Sasa yule ni nani?"

"Alijenga kanisa, baba. Lakini alifika babu akiwa ameshabatizwa."

"Nimemsalimia kila asubuhi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekagua injini na kukuta boliti moja haikuwahi kufungwa tangu mwanzo. Halafu akanigeukia. "Na wewe umefurahi."

Ningeweza kusema hapana. Ulimi ulikuwa tayari.

"Ndiyo, baba. Nimefurahi. Na nimeumia."

Aliondoa miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Niliona shavu lake likicheza. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Nikafikiri sasa atasimama, ataingia ndani, na Jumamosi atakataa kutoka. Nikafikiri posa itarudi Kisesa, si kwa sababu ya damu bali kwa sababu ya mzee mmoja aliyeaibishwa na binti yake.

Akaichukua tena simu kutoka kwenye goti langu.

"Hebu nikuzie tena. Huyu baba yake Yosefu wamemwandikaje?"

"Marale."

"Marale?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani huyo Marale? Msukuma gani wa kuitwa Marale?" Sauti ilianza kupanda. "Kisukuma hakina r, mama. Mimi nimezaliwa na lugha hii. Hakuna Msukuma chini ya jua aliyewahi kuitwa Marale. Ni Malale! Huyo padre masikio yake yalikuwa na nta?"

"Huenda alisikia vibaya, baba."

"Alisikia vibaya! Unambatiza mtoto wa mtu, unashindwa hata kumuuliza mzee vizuri anaitwa nani? Malale! Silabi ngapi hapo, tatu? Wameshindwa!" Alikuwa anafoka kama alivyokuwa anawafokea mafundi wenzake aliposikia kelele ya ajabu kwenye injini. "Wamemkosea mzee jina lake!"

Kisha akanyamaza ghafla. Nadhani alisikia mwenyewe anamtetea nani.



Baadaye, kwa sauti ya chini, aliuliza yule mtoto wa Kanada alikufa akiwa na umri gani. Nikamwambia ukurasa hausemi. Akatikisa kichwa. "Kwetu pia mtoto akifariki jina hurudi," alisema. "Lakini hurudi kwa mtoto mmoja. Kumi na mmoja! Huyo mama alilia sana."

Giza lilikuwa linaanza kushika upande wa ziwa. Akaniambia nilete karatasi na kalamu ya wino mzito.

"Niandikie. Herufi kubwa, miwani hii imechoka. Paulo wa Yosefu, Yosefu wa Malale. L mbili. Jumamosi nitasema mwenyewe, asije akaniwahi yule Sospeta wa Mafuru."

"Na Laduseli, baba?"

Alifikiri. "Liandike mwisho. Ni la mtoto wa watu, halitupwi."

Kuhusu picha, nilimuuliza kama niitoe. Alinitazama kama nimemtukana mgeni. "Amekukosea nini? Kanisa lile halijapata hata ufa. Mwache."

Nimemtumia Ema ukurasa mzima, na mistari miwili nimeizungushia duara. Ameshapiga mara mbili. Nitampigia nikimaliza hapa, na nikisikia sauti yake nitajua kama atauliza kwanza nimepata nini au nimekula nini.

Kitu kimoja kinanisumbua na sijapata jalada la kukiweka. Nilimwambia ukweli kwa ajili yake, au kwa ajili ya harusi yangu? Ukurasa huu usingekuwa na mstari wa tisa, ningeukuza mstari wa nne mbele ya macho yake?

Sijui. Naandika kwamba sijui.

Kupitia dirishani namwona bado amekaa, karatasi iko juu ya goti lake, midomo inacheza. Anajifunza jina la babu yake akiwa na miaka sabini na miwili.

Sasa hivi bodaboda amepita, akapiga honi, akapaza sauti kama kawaida yao.

"Shikamoo Kanada!"

Nimeacha kuandika, nimesikiliza.

Kimya. Pikipiki imefika hadi kwenye kona, imepunguza mwendo, honi imeisha zamani.

"Marahaba," baba ameitika.

Sijui aliyeitika ni Kanada au ni mjukuu wa Malale. Keshokutwa ni Jumamosi.